Mwoga wa Ngazini

Majira mawili ya baridi tulibishana
juu ya kidude kisichozidi ngumi mbili.
Daftari la jengo lilikaa kwangu:
ghorofa sita, deni la lifti, balbu ya ngazini.
Rasim wa chini alisema, Mimi napikia umeme,
gesi yenu izibeni wenyewe.
Wa ghorofa ya tano, akichezesha funguo za gari jipya:
Likija na lije. Vali itashika ukuta?

Nazmiye alikuwa akimenya chungwa,
maganda akiyapanga gotini kama anayehesabu.
Akasema bila kuinua macho:
Agosti ile, saa tisa na dakika mbili usiku,
nyumba yetu haikuanguka.
Ilipasuka, ikabaki wima.
Tulikumbatiana barabarani na nguo za kulalia,
tukaisifu kama farasi.
Huko jikoni mtungi ulikuwa umelala ubavu, unahema.
Mume wangu akarudi kunitafutia viatu,
akawasha kiberiti ili aone.

Akala kipande cha chungwa.
Nilipitisha daftari. Hata Rasim alitia sahihi,
ingawa kalamu aliishika kama kijiko cha dawa.

Fundi Tuncay alikuja Jumanne, mvua ikinyesha Yalova,
akakata bomba la manjano pale linapoingia jengo,
akaweka pimamaji juu ya chuma,
akangoja tone la hewa litulie katikati.
Ndani kuna gololi, aliniambia.
Imekaa kwenye kikombe, haikufungwa, haikugundishwa.
Ardhi ikitikisika inaanguka kooni mwa bomba,
basi, gesi imekwisha.
Betri je? Haina.
Haina umeme, haina akili. Ina uzito tu, mama,
na mahali pa kuangukia.

Kisha akapaka povu la sabuni kwenye maungio,
tukachuchumaa wote wawili, mimi na miaka yangu sabini,
tukivizia mapovu kama watoto wanaovizia kaa shimoni.
Hakuna lililovimba.

Februari, usiku wa theluji,
wa ghorofa ya tano alikuwa anapandisha kabati la mkwewe.
Kamba ikakatika.
Kabati likashuka ngazi zote peke yake,
likaligonga bomba.

Gololi ikaogopa.

Boila sita zikanyamaza kwa pamoja.
Mchuzi ukapoa kabla chumvi haijakolea.
Wakanigongea mlango na mablanketi mabegani:
Hiki ndicho ulichotununulia?
Kidude kinachozimia kwa sababu ya kabati?
Na mwenye ruhusa ya kukiamsha, simuni,
alisema atafika asubuhi, barabara ikifunguka.

Ndipo mlango wa chini ukafunguka.
Rasim, fulana ndani ya suruali, hakutazama mtu.
Birika langu la umeme ni dogo, alisema,
mtakunywa kwa zamu.

Tulikunywa kwa zamu hadi saa saba.
Wa ghorofa ya tano aliketi juu ya lile kabati, lilipoishia,
akicheka mguu wake uliovimba,
na watoto wakalala zuliani kwa Rasim kama viatu msikitini,
huyu kulia, pacha wake hajulikani alipo.
Nilimkosa Nazmiye.
Nikamkuta ngazini, gizani, bila blanketi,
kiganja juu ya vali baridi,
anavyoshikwa mtoto paji la uso.
Umeogopa vizuri, alikuwa akiiambia.
Umeogopa vizuri sana.

Nikarudi juu polepole, nisisikike.
Ubavuni mwa daftari niliandika:
Kuamsha vali, tugawane kwa sita.
Kamba mpya, ghorofa ya tano.
Sukari ya Rasim, vikombe ishirini na vitatu:
deni la jengo zima, lisifutwe.