Hasara ya Shomoro na Panya

Saa nane usiku, Unga Limited, ghala namba tatu.
Lori la Loshilu limefika kutoka Babati,
turubai limelowa, hati inasema magunia mia tatu na kumi.
Nahesabu. Narudia.
Mia tatu na saba na nusu.

"Andika panya," anasema Loshilu,
anakojoa nyuma ya tairi akipiga mluzi.
Naandika panya.

Mwaka huu panya wa Arusha
wamekula kuliko kambi nzima ya jeshi,
na sijamwona hata mmoja aliyenenepa.

Binti yangu Ndeonasia anasoma historia chuoni.
Juzi alisahau mezani fotokopi zake za China ya wafalme,
nami nazisoma hapa, chini ya taa ya mizani.
Huko nako nafaka ya serikali ilisafiri,
mashua kwa maelfu, mferejini, kwenda kaskazini,
zikivutwa kwa kamba na watu wenye mabega ya maksai,
kulisha mji usioshika jembe.
Na juu ya kila pishi ya kodi
mkulima aliongezwa kibaba,
kikaandikwa daftarini kwa hati nzuri:
hasara ya shomoro na panya.

Nilicheka hadi mlinzi akaja na tochi.

Kisha nikafika kwenye chumvi.
Chumvi ilikuwa mali ya mfalme.
Mfanyabiashara aliyeitaka alipeleka kwanza nafaka mpakani,
kwa askari wanaotetemeka na baridi,
akapewa karatasi.
Akaenda nayo pwani, akaambiwa ngoja.
Wapo waliongoja mpaka wakafa,
mjukuu akarithi foleni.

Hapo sikucheka.

Mama aliuzia ushirika mahindi, Tengeru,
mwaka ule chumvi ilipoadimika madukani.
Akapewa risiti ya waridi. Fedha zinakuja, mama.
Tukapikia magadi
ya akina mama wa Kimasai waliopita na punda:
kibaba kwa kibaba,
bila mhuri, bila kesho.
Risiti ipo hadi leo ndani ya Biblia yake,
kwenye Mambo ya Walawi,
mahali asipofungua mtu.

Magunia mawili na nusu.
Mawili anajua Loshilu yalikoshukia.
Nusu iko chini ya meza hii,
nimeiegemeza miguu ninaposoma.
Na hizi kurasa arobaini, Ndeonasia,
na ada, na kitanda cha bweni,
mlipaji wake ni panya.

Kumekucha. Meru umetoa bega moja nje ya wingu.
Kwenye tundu la bati anaingia shomoro, shomoro kweli,
anatua sakafuni, ananitazama kwa jicho la upande
kama mkaguzi,
anaokota, anaondoka.

Nafungua daftari.
Chini ya panya naandika:
Shomoro mmoja. Punje moja.
Saa kumi na mbili na robo.
Nasaini jina langu lote.