Mafuta ya Zamda

Chupa ilishuka na treni,
imevikwa soksi tatu na gazeti la Kiarabu.
Zamda kaandika ubavuni kwa kalamu ya bluu:
Ya kula. Usimgawie mtu.
Nikaonja kwa ncha ya kidole:
chungu kidogo, kama jani ambalo mbuzi alilitafuna akaghairi.

Sisi watu wa Ujiji ni watu wa mawese.
Dumu liko nyuma ya mlango, jekundu hadi shingoni,
na maharage yasiyopita humo
tunayaita maharage ya mgonjwa.
Feruzi alinusa zeituni, akarudishia kizibo taratibu
kama mtu anayefunga barua isiyo yake.

Basi ikakaa dirishani jirani na sabuni
mpaka cherehani iliponigomea.
Mashati kumi na mawili ya shule, meupe,
na shule inafunguliwa Jumatatu.
Mawese yangeyatia damu.
Nikadondosha zeituni, tone, na tone la pili,
nikakanyaga.
Ikapiga chafya, ikakohoa, ikaenda.
(Fundi Kabwe anasema itakuja kunata. Aseme.)

Hapo ndipo nilipoharibika.

Zipu ya begi la mama mkwe,
iliyogoma kufunguka tangu msiba wa Kasulu:
tone. Ndani tukakuta shilingi elfu nne
na ile miwani
ambayo kwa miaka miwili nilisemwa nimeiuza.

Fenesi: nikapaka kisu, nikapaka viganja,
ulimbo ukateleza, ukakosa pa kushika.
Bigijii kwenye nywele za Riziki, aliyelala nayo mdomoni:
nikaisugua hadi ikaachia, mkasi ukarudi kabatini,
naye akalia vilevile
kwa kuwa alishajiandaa kulia.

Usiku mmoja Bi Kalunde alinyoosha mguu
bila neno, magaga yamepasuka kama udongo wa Septemba.
Nikampaka. Soksi za Zamda zikapata kazi.
Radhi ya miwani hakuniomba.
Alisema tu: "Na huu mwingine."

Kisha Mwavita, nyumba ya tatu,
kidole kimevimba, pete ya ndoa imezama ndani ya nyama.
Nesi kamwambia itakatwa kwa msumeno.
Tulipaka, tukazungusha, tukavuta, tukapumzika,
tukazungumza bei ya dagaa,
tukavuta tena,
pete ikaangukia ndani ya karai: ting.
Aliitazama muda mrefu.
"Nitunzie kidogo," alisema. "Nisirudi nayo leo."
Sikumuuliza. Imo kwenye kopo la vifungo.

Ndipo, kwa kiburi cha mshindi,
nikaiendea bawaba ya mlango wa mbele.

Feruzi hupakua mizigo bandarini, zamu ya usiku.
Miaka kumi na mmoja mlango ule umelia
kama bata aliyekanyagwa
kila aingiapo saa tisa,
nami hugeukia ukutani
nikaanza usingizi wenyewe.

Usiku ule haukulia.
Nililala macho wazi. Saa tisa. Tisa na nusu.
Nikaliona winchi, nikaiona kamba iliyokatika,
nikawaona watu wawili wanabisha hodi kwa upole mno.
Saa kumi nikajifunga kanga, nikachukua tochi nimfuate,
na tochi ikammulika jikoni
anakula kiporo juu ya sufuria, gizani,
kimya kama mwizi aliyealikwa.
"Nimefika zamani," akasema. "Sikutaka kukuamsha."

Nikakaa chini pale pale kwenye kinu.
Akanisogezea ukoko.

Asubuhi niliiosha bawaba kwa sabuni na majivu,
nikaimwagia maji ya chumvi,
na kila jioni naimwagilia kama mche.
Bi Kalunde ananitazama kwa miwani yake, hasemi kitu.

Chupa imebaki robo.
Zamda akipiga simu huuliza kama tunayala.
Namwambia tunayala, dada, tunayala sana,
huku nikisukuma mlango kwa kidole cha mguu,
nikisikiliza.
Bado.