Pita Wewe
Hadlow, Kansas, Julai 1893

Karani Strood alihesabu senti mojamoja,
akilamba kidole, akikosea makusudi, akianza upya,
ili saa tisa imwokoe.

Thirza Amsden alikuwa mbele yangu.
"Pita wewe," akasema, "mtoto amechoka."
Nikapita.

Nikapewa dola kumi na moja, za mayai na siagi,
zingali na joto la kiganja chake Strood.
Nyuma yangu komeo likalia.

Miaka tisa ya kufua mashuka ya watu
ikabaki upande ule wa kioo.
Haba na haba, tuliambiwa.
Tundu la kibaba hatukuonyeshwa.

Hakunilaumu. Aliuliza tu kama mtoto amekula.

Hadi leo tukikutana kisimani
mimi ndiye ninayetazama ndoo.