Jicho la Ng'ombe wa Nderi

Nderi alitaka mambo matatu ukutani:
ng'ombe, bei, na namba ya simu.
"Awe mnono," alisema, "acheke kidogo,
mteja aone mnyama mwenyewe amekubali."

Nikaanza saa mbili asubuhi,
Kariobangi, mkabala na wauza vyuma chakavu,
ngazi ya kuazima, kopo la nyekundu, kopo la kahawia,
na nyeusi iliyobaki nilipopaka geti la kanisa.
Mwili ulikuja upesi. Mkono wangu
umeshachora ng'ombe arobaini na mmoja
toka Dandora hadi Soko la Burma
na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniangalia.

Huyu aliniangalia.

Sijui nilifanya nini. Nilikuwa kwenye jicho la kushoto,
jua likanipiga kisogoni, nikapepesa,
brashi ikateleza chini kuliko nilivyokusudia.
Nikaacha hivyo. Nikaenda kula mandazi.
Niliporudi alikuwa kama mtu anayengoja kuitwa jina
zahanati, foleni ndefu, kadi mkononi.

Wiki ya kwanza Nderi aliuza vizuri.
Ya pili, Mama Achando alikuja kwa nusu kilo,
akafika mlangoni, akasimama.
"Nderi, ng'ombe wako anajua."
"Anajua nini?"
"Hajasema."
Akavuka barabara akanunua omena.

Akaja msichana wa chuo kikuu, Nasimiyu,
na daftari, na kamera yenye mkanda mpana.
Je, hili ni jicho la mlalahoi? akaniuliza.
Ni mwili unaojiona ukipimwa na kuuzwa?
Nilitaka kumwambia nyeusi ilikuwa inaisha.
Ilikuwa kweli. Lakini alikuwa akiandika kwa shauku
nikaona haya kumpokonya.
Usiku, kitandani, nikahesabu tena:
Nderi alinilipa kwa mita ya mraba.

Fundi wa kuchomelea alisema anamfahamu,
ni yule wa baba yake, aliyeuzwa
ili yeye amalize kidato cha tatu.
Akanionyesha mpaka pembe iliyovunjika.
Sikuchora pembe iliyovunjika.
Hapo ndipo bomba la maji linapopita.

Nderi naye alikuwa na hesabu yake.
"Picha yako inanikata maini," alisema,
"na maini ndiyo biashara yangu.
Nilikulipa uchore nyama. Mfumbe jicho."

Nikapanda ngazi na kopo jipya.
Tukawa uso kwa uso, pua yangu kwenye pua yake,
harufu ya mafuta ya taa katikati yetu,
nami nikamuuliza kile walichoniuliza wote:
Wewe, unamaanisha nini?

Kimya. Rangi ilikuwa imeanza kupasuka kwenye shavu.
Ila chini ya ukope niliuona ule mstari ulioteleza,
nikaujua. Ni wa mama,
jioni ile akinisubiri niseme kwa nini nimeacha shule,
kikombe mikononi, chai imeshapoa,
bila hasira. Aliuliza mara moja tu.
Miaka kumi na tisa sijaufikiria uso ule.
Sikukusudia, naapa.
Mkono ulikuwa umeuweka mahali.

Nilikaa juu ya ngazi mpaka Nderi akapiga kelele.

Kisha nikafumba. Mpako mmoja, halafu wa pili,
kope nikazichora moja moja, taratibu,
ingawa hilo halikuwa kwenye mapatano.
Nderi akanipa mia tatu na vipande viwili vya utumbo.

Nilikuwa nikiosha brashi
Kerubo wa muuza vyuma alipotumwa mifupa ya supu.
Akasimama chini ya ukuta, kichwa upande.
"Amelala?"
"Amelala."
Akavua ndara zake, akazishika mkononi,
akaingia buchani akinyata,
akaagiza mifupa kwa kunong'ona,
na Nderi, shoka limeinuliwa,
akamjibu kwa kunong'ona, "Ya shilingi ngapi?"