Kilobaiti Mbili

Saa tisa na robo usiku Chanika imelala,
na mnara wa simu, ule wa nyuma ya ghala la saruji,
unabaki na mimi peke yangu.
Huu ndio wakati wangu wa kwenda kazini.
Sivai viatu.

Ofisi ya Gerezani walirudisha funguo mwezi wa pili.
Tukagawiwa modemu moja moja, na kiti kwa aliyekuja na usafiri wa kukibeba.
Bwana Kihwelo wa utawala akasema: mtandao upo kila mahali.
Yeye anakaa Upanga.

Nimejiwekea taratibu.
Kwanza navuta vichwa vya barua tu, miili naiacha kwenye seva,
kama mtu anayechungulia dirishani kabla ya kufungua,
ajue ni mgeni au mdai.
Picha nimezizima. Nembo ya kampuni, ile yenye meli na jua,
inayokaa chini ya kila salamu,
sijaiona tangu Machi, na hainipungukii kitu.
Ripoti nene nazipanga foleni hadi bando la wikiendi liingie.
Anayejibu "Asante" kwa watu arobaini na wawili kwa mpigo
namsamehe, ila jina lake nimelikariri.

Kuna usiku ule mstari wa kijani ulifika asilimia tisini na sita
ukakaa.
Nikachemsha chai. Nikaosha sufuria ya jana.
Tisini na sita.
Nikaipandisha modemu juu ya kabati, ndani ya bakuli la bati,
upande wa dirisha linalotazama kwa mama Shukuru.
Tisini na saba!
Sijawahi kushangilia namba kiasi kile,
hata matokeo ya kidato cha nne.

Basi Jumanne baba yake Atupele akafariki.
Atupele wa mahesabu, anayefanyia kazi Tegeta,
ambaye tangu tufunge ofisi namjua kwa herufi zake tu.
Mimi nikapewa kukusanya rambirambi.
Hela zilimfikia kwa simu dakika ileile.
Maneno ndiyo yaliyobaki kwangu.

Niliandika barua ya heshima, aya tano,
nikaambatisha orodha ya wachangiaji yenye muhuri,
nikaambatisha picha ya shada.
Nikatuma.
Jumatano ipo kwenye zinazotoka.
Alhamisi wanazika Tukuyu, ipo kwenye zinazotoka.
Ijumaa kale kaduara bado kanazunguka,
kanazunguka kama mtu aliyefika msibani
asijue aketi wapi.

Usiku wa kuamkia Jumamosi nikaifungua.
Nikaondoa shada.
Nikaondoa orodha na muhuri wake.
Nikaondoa "kwa niaba ya uongozi na wafanyakazi wote."
Nikaondoa ile aya ya faraja, ambayo, nikiri,
nilikuwa nimeinakili kutoka msiba wa mwaka jana.
Kila nilipofuta, uzito ulishuka:
mega tatu, kilobaiti mia nane, kumi na moja,
hadi zikabaki mbili, na herufi nne:

Pole.

Neno hilo ukilirudia linakuwa mwendo.
Mara moja tu, likaondoka
kabla sijainua kidole.

Saa tisa na dakika arobaini kikasha kikalia.
"Imefika. Kumbe na wewe huwa macho saa hizi."
Haikuwa na kiambatisho, wala nembo, wala cheo chake chini.
Sijaiweka kwenye folda yoyote.
Tukaandikiana mpaka adhana,
mstari mmoja mmoja, kuhusu baba yake na kahawa aliyoipanda,
na modemu yake, ambayo yeye huitundika kwenye msumari wa kalenda.

Kulipokucha jiji zima likaingia mtandaoni, mnara ukaelemewa.
Bwana Kihwelo alikuwa ameleta kitu chenye kichwa MBONA KIMYA,
mega sita.
Nikakiacha kinashuka, asilimia mbili,
nikaenda kulala.