Orodha ya Penseli

Vizma hapangi kwa wino.
Kila Agosti, mvua ikianza kuligonga bati la stesheni ya Cēsis,
huniita jikoni kwake, mimi mtunza mafaili,
huondoa bakuli la matango, hutandaza karatasi moja,
kisha huuliza kama daktari: "Tuna besi wangapi?"

Msimu wa kwanza tulikuwa kumi na wanane
wenye kiburi cha watu sitini.
Akapanga maji: mto, mvua, chozi, barafu, kisima,
nyimbo kumi na moja, zote za mwendo wa pole.
Tulipofika wa saba, mzee wa safu ya pili alikuwa akikoroma
pamoja nasi, Skaidrīte anaapa, nusu nota chini.
"Maji yakizidi huzamisha," Vizma akasema garini,
akaandika pembeni:
*wasikilizaji nao wana mapafu.*

Msimu wa pili aliupanga kinyumenyume.
Alijua tutaagaje kabla hajajua tutabishaje hodi.
Nyimbo ngumu akaziweka mwanzoni, koo zikiwa bado na asali,
nyepesi baada ya keki,
na katikati akaacha sekunde ishirini za kimya,
akazipa namba kama wimbo: tisa.
Hakuna tulichokikosea mazoezini kama namba tisa.
Huyu kakohoa, yule kacheka,
Gunvaldis akamenya peremende, taratibu, kwa heshima zote.

Wa tatu, wanateno wawili wakaenda Ireland kufungasha uyoga.
Vizma hakulalamika. Alichukua kifutio.
Nyimbo sita zikawa makombo ya waridi juu ya meza,
akayapuliza sakafuni.
Sisi wa alto tukashuka kuziba pengo,
kama mtu anayehamia chumba cha kaka aliyesafiri
na kukuta shati lake bado nyuma ya mlango.
Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo wasemavyo;
sisi tulitunzwa supu ya mbaazi
na viti thelathini na vitatu vitupu. Nilivihesabu
wakati wa namba nne, ambayo alto hawaimbi.

Chini kabisa ya kila karatasi, mwaka hadi mwaka,
ulisimama wimbo uleule wa sauti nane,
kazi ya Osvalds, aliyemfundisha Vizma hesabu
akamwachia bahasha yenye doa la kahawa.
Mwaka hadi mwaka aliutilia mstari mwembamba,
na mbele yake neno moja: *bado.*

Wa nne, Ilmārs alifariki siku ya Jumanne,
tamasha likiwa Jumamosi.
Jina lake lilikwisha kuchapwa kwenye safu ya besi.
Nikauliza kama nilikate kwa rula, nakala zote mia na ishirini.
"Zimeshalipiwa," alisema Vizma,
na hadi leo sijui alimaanisha nini.

Kisha, bila sisi kustahili, wakaja watu:
mwanafunzi wa meno, mkata tiketi wa treni,
wale wawili wa uyoga wakarudi na pacha na deni.
Tukawa sauti nane. Tukauimba.
Dakika nne na nusu.
Osvalds alikuwa hodari wa hesabu;
kila kitu kiligawanyika sawasawa, hakikubaki kitu.
Watu wakapiga makofi ya adabu.
Walichotaka kirudiwe ni kale kabembelezo ka mabata bukini,
mistari miwili tu,
alikokapachika ili wanasoprano wapate kunywa maji.

Njia nzima ya kurudi Vizma alikuwa kimya.
Nilihesabu hadi ishirini, nikapita.

Leo bakuli la matango liko sakafuni.
Karatasi ni nyeupe. Chini kabisa
hakuandika wimbo wowote, ameacha nafasi tu.
"Tuna besi wangapi?"
"Watatu," namwambia, "na mmoja ana mafua."
"Basi," anasema,
na kuanza kuinoa penseli.