Kuhesabu Hadi Moja

Ijumaa, Ghala. Saa tatu Wamalayali,
saa tano zamu ya Wafilipino.
Sisi Waswahili tumepewa chumba cha nyuma
kuanzia saa saba, joto likiwa limekaza meno.

Kemunto ameleta pipa la bluu
lililopasuliwa kwa urefu, kingo zake zimefungwa kanda.
Analijaza kwa mpira wa bustani.
Mwezi huu maji hutoka bombani yakifuka kama chai.
"Yaache yapoe," asema, "kisha uketi, nikulaze,
kwa jina moja safari hii.
Yale matatu uliyonyunyiziwa Wundanyi
yalikuwa vyeo, Mghoi. Si jina."

Wiki nzima tumebishana, yeye kitanda cha juu,
mimi cha chini, kiyoyozi kikikoroma.
"Mimi ni binti wa Nyakundi,
ni mama wa Osoro, ni mfagiaji wa wodi ya nne.
Mmenihesabu watatu?
Mbona kampuni inanilipa mshahara wa mmoja!"
Chumba kizima kikacheka.
Nami gizani: "Na kule bustanini,
jasho lilipomtoka kama matone ya damu,
alikuwa akimwomba nani? Alijinong'oneza?"
Kimya.
Kisha: "Lala, Mghoi. Kesho tuna zamu ya alfajiri."

Mwalimu wangu wa kipaimara alichora pembetatu,
akaandika *Nafsi Tatu*, akaifuta
kabla hatujanyoosha mikono.
Neno hilo nimelibeba hadi Oman
kama ufunguo wa nyumba iliyokwisha kuuzwa.

Bi Thuwaiba, kitanda cha kumi na moja,
mzaliwa wa Unguja, Kiswahili chake hakijachuja,
alinishika mkono wa sare nikipangusa meza:
"Nafsi? Nafsi ndiyo inayotamani halua usiku, mwanangu.
Ndiyo ninayopigana nayo tangu nivunje ungo.
Mnampaje Mungu kitu hicho, tena mara tatu?
Yeye ni Mmoja. Hana wa kukaa naye."
Sikuwa na jibu. Nikamwuliza kama huona upweke.
"Nani, Mungu?"
"Hapana. Wewe."
Akageukia ukuta. Akaomba maji.

Jana usiku Kemunto alipiga simu Nyamache.
Picha ikiganda, ikiachia, ikiganda.
Osoro, miaka mitano, uso umejaa kioo,
alimtazama, akamgeukia bibi yake:
"Kuna anti anakuita."

Hakuna aliyecheka.
Kemunto alipanda kitandani na viatu.
Nami chini yake, mbao zikilia
kila alipogeuka, nikawaza:
umama hauvaliwi kama aproni.
Lazima awepo wa kukuita, upande wa pili,
la sivyo unabaki umeshika cheo mkononi.
Basi kabla ya dunia, kabla ya mchanga huu,
Baba aliitwa Baba na nani?

Nilikuwa na hoja yangu, nzima, kali,
ile niliyoitafuta wiki nzima.
Nikaimeza.
Huwezi kumpiga mtu palipo na kidonda
halafu ukasema umeitetea imani.

Sasa maji yamepoa. "Uko tayari?"
Nimevua viatu. Nimeingia hadi vifundoni,
nimesimama humo kama mbuni, sare nimeikunja.
"Nilishabatizwa, Kemunto."
Nangoja anikemee kwa Matendo ya Mitume,
sura na aya, anazijua zote.
Anaketi ukingoni, anatia miguu yake karibu na yangu.
"Unadhani atanikumbuka?"
Hasemi nani.
Nami sikumwuliza.

Mlangoni Wahabeshi wanagonga, saa yetu imekwisha,
wameshika ngoma zao na shela nyeupe.
Tunaliinua pipa tukalimwage nje,
yeye kichwani, mimi miguuni,
tukigombana kwa sauti ya chini
nani arudi nyuma, nani atangulie,
na maji yanatumwagikia sote.